Gari Lililobisha Hodi

Sauti yenyewe ilikuwa hivi: ko. Kisha kimya. Kisha ko, ko. Halafu kimya cha kilomita tatu, mpaka umeanza kuisahau, ndipo inarudi tena, ko, kama mtu aliyesimama nje ya mlango na hana uhakika kama wenyeji wapo.

Gari lilikuwa la shangazi yangu, dada wa baba, mfanyabiashara wa mchele hapo Tunduma. Ni pikapu kuukuu iliyopakwa rangi mara nyingi mpaka hakuna aliyejua rangi yake ya kwanza, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuteremka Kamsamba na magunia matupu, kupanda na magunia yaliyojaa. Dereva nilikuwa mimi. Nilimaliza darasa la saba nyumbani kwetu Ihanda, nikakaa miaka michache nikipalilia kahawa ya baba, kisha shangazi akaja akanichukua. Alinifundisha mwenyewe kuendesha kwenye uwanja wa mpira, akinizungusha magoli mpaka nikaota magoli, akanikabidhi ufunguo. Alikuwa na sababu moja ya kunichagua mimi na si binamu zangu.

"Huyu hana maneno," aliwaambia watu. "Dereva mwenye maneno husimama kila kijiji."

Ni kweli sikuwa na maneno. Tangu shuleni nilikuwa mtu wa kujibu kwa kichwa. Mwalimu akiniita jina nilisimama nikasahau hata jibu nililolijua. Ndiyo maana nilipenda usukani. Kutoka Tunduma mpaka Kamsamba ni saa nyingi, na kwa saa zote hizo hakuna anayekutaka useme chochote, na bado unafanya kazi ya maana na watu wanakupungia mkono. Utingo sikuwa naye. Shangazi alisema utingo ni mdomo wa pili. Nilikuwa peke yangu na barabara, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumweleza mtu.

Kisha gari likaanza kubisha hodi.

Lilianza baada ya mavuno, barabara ilipokauka. Nikiondoka Tunduma asubuhi lilikuwa tulivu kabisa. Nikivuka vijiji vya juu, karibu na pale barabara inapoanza kuteremka bondeni, naisikia nyuma ya mgongo wangu: ko. Nikisimama, imesimama. Nikishuka na kulala chini ya gari, sioni kitu. Nikipanda tena, nikakanyaga breki kwenye kona ya kwanza: ko, ko. Kamsamba kwenye joto naongeza mafuta, napakia magunia, naanza kurudi, kimya. Nikifika tena vijiji vya juu, hodi. Na nikiingia Tunduma jioni naingia nayo, watu wote wanasikia.

Pale stendi palikuwa na kijana mmoja dereva, mwenye maneno ya watu kumi, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimzungukia shangazi ampe gari. Akinisikia tu nakuja, anasimama katikati ya njia na mikono juu.

"Karibu! Karibu ndani! Jamani, mfungulieni mtu wa watu, anabisha tangu bondeni!"

Stendi nzima inacheka. Mama mmoja wa Nakonde, mteja wetu wa mchele kutoka ng'ambo ya mpaka, alishika mashavu siku moja akasema, "Mwe bantu, enyi watu, motoka hii ina mgeni ndani!" Tangu siku hiyo gari likaitwa Hodi. Hata watoto wa mtaani kwetu walilijua kwa jina hilo.

Mimi nilitabasamu tu. Ndani niliumia.

Fundi wetu alikuwa mzee mmoja mcheshi mwenye karakana ya mabati pembeni ya barabara ya kutokea Mpemba. Nililipeleka gari kwake mara tatu. Mara zote tatu lilikaa kimya kama mtoto aliyelia njia nzima halafu kafikishwa zahanati. Fundi alipanda, akazunguka nalo mtaa mzima, akakanyaga breki, akapita kwenye mashimo kwa makusudi. Hakuna kitu.

"Linalia wapi?" aliniuliza.

"Nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma nyuma."

"Kijana, nyuma ni pakubwa. Linalia lini?"

Nilitaka kumweleza habari za vijiji vya juu, na breki, na kona, na kwamba asubuhi ni kimya. Nikajibu, "Wakati mwingine."

Fundi alimtazama shangazi, shangazi akanitazama mimi. Mara ya kwanza alibadilisha bushi. Mara ya pili alikaza ekzosi na kufunga shokapu nyingine. Mara ya tatu alifungua propela, akaikagua, akaifunga, akasema gari hili halina ugonjwa wowote, labda linamwogopa fundi.

Hapa inabidi nieleze kitu kimoja kuhusu shangazi, na ukweli si yeye peke yake, wengi wetu Tunduma tulikuwa hivyo. Gari haliendi kwa fundi likiwa na mafuta. Shangazi aliamini kwamba fundi yeyote duniani, hata akiwa mzee wa kanisa, akiachiwa gari lenye mafuta atayanyonya. Kwa hiyo kila jioni nilipotoka safari alinisimamia na mpira na dumu, nikavuta mafuta yote, yakabaki ya kunifikisha karakana na kurudi. Dumu lililala chini ya kitanda chake. Asubuhi ya safari tangi lilijazwa mpaka juu. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha ya gari lile: ama limejaa, ama limekauka.

Tangi lenyewe nalo halikuwa la kiwandani. La asili lilioza zamani, na fundi mmoja akachomelea jingine la bati chini ya bodi, lenye mdomo mfupi ulionyooka, unaotokeza pembeni. Mshale wa mafuta haukufanya kazi tena. Tulipima kwa ufito. Nilikuwa na kipande changu cha mwanzi nilichokichonga vizuri, nikakitia alama kwa kisu: alama hii robo, hii nusu, hii kujaa. Hicho kilinipotea, nikadhani watoto wamechezea, nikakata kingine.

Baada ya ile safari ya tatu ya karakana shangazi aliniita sebuleni. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Baba," aliniambia, maana mimi nimerithi jina la baba yake, "nikikuuliza gari lina nini, unanyamaza. Fundi akikuuliza, unanyamaza. Mimi nitajuaje kama uliligonga mahali ukaficha?"

"Sikuligonga, shangazi."

"Basi lina nini?"

Nikanyamaza.

"Unaona?" Akashika ufunguo, akaugeuzageuza. "Nenda safari moja. Ukirudi linabisha, ufunguo nampa yule wa stendi. Yule likiharibika angalau atanieleza."

Usiku huo mke wangu aliniuliza mbona sili. Nilimwambia. Yeye ndiye mtu pekee niliyezoea kumwambia mambo, na hata yeye nilimwambia kwa mafungu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe si mgonjwa wa gari. Wewe ni mgonjwa wa maneno." Kisha akaniongezea mboga.

Mke wangu anatoka katika moja ya vijiji vile vya juu, kabla ya mteremko. Kwao ni Wanamwanga, wenye ndugu pande zote mbili za mpaka, na wanashika heshima ya ukwe kuliko sisi tulivyoshika Ihanda. Mkwe mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye, hapishani naye njiani, mpaka siku wakwe watakapompikia chakula rasmi na kumfungulia. Wengi wa rika langu walioishi mjini walikuwa wameshaanza kuona ni mambo ya zamani. Wakwe wenzangu wawili walimsalimia mama kwa mkono na kumpigia simu. Mimi nilishika mwiko huo kwa moyo wote. Mke wangu alinicheka akasema kwamba nimepata sheria ya kunyamaza, nimefurahi kama niliyepewa zawadi. Alikuwa amepatia.

Siku moja, mwishoni mwa mavuno hayo hayo, nilisimama kwao kushusha sukari aliyonituma mke wangu. Mama alikuwa hayupo. Nilikuwa uani, kando ya gari, nashughulika na mafuta, nilipoona kanga yake inakuja njiani, naye ana mzigo wa kuni kichwani. Niliacha kila nilichokuwa nacho, nikakimbia nyuma ya banda la mbuzi, nikachuchumaa huko. Nilimsikia akipita, akasimama kidogo, akaingia ndani. Mbuzi mmoja alinitazama muda wote kwa mshangao. Nilitoka kwa kunyata, nikafunga kifuniko cha tangi, nikaondoka bila hata kuaga. Nilijiona nimefanya heshima kubwa.

Basi, safari ya mwisho. Tangi lilijaa, magunia matupu yalifungwa, na nikatoka Tunduma kimya kabisa. Nilifika kijiji cha wakwe kabla ya adhuhuri. Baba mkwe alikuwa barabarani ananipungia kofia.

"Mkwe! Mungu amekuleta. Mama yako anakwenda bondeni kumwona dada yake. Mpakie."

Niliangalia chini nikasema ndiyo. Hakukuwa na mtu mwingine wa kupanda, na siti ya mbele haikuwezekana hata kuifikiria. Mama mkwe alipanda bodi kwa nyuma wakati mimi nimegeukia mashamba. Alikaa juu ya magunia, akaupa mgongo upande wa kabini, akajifunika kanga. Alikuwa na kapu lenye jogoo mwekundu, zawadi ya dada yake. Kichwa cha jogoo kilitokeza kwenye tundu. Mimi nilipanda, nikageuza kioo cha ndani kikatazama paa la gari, nikageuza na cha pembeni kikatazama anga. Niliendesha kilomita kadhaa bila kujua kama nyuma yangu kuna gari jingine au tembo.

Mteremko ulipoanza tu: ko.

Kona ya pili: ko, ko. Na safari hii ilikuwa kali kuliko zote, maana nilikuwa nikikanyaga breki kila hatua kumwogopea abiria wangu. Ko, ko, ko. Nilifika mahali penye upana, nikaegesha, nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikaingia chini ya gari.

Nilianzia mbele. Niligonga kila chuma kwa spana: bushi, ekzosi, majani ya springi, moja baada ya jingine. Nikatoka, nikapiga teke magurudumu. Nikaingia tena. Jasho na vumbi vilichanganyika mpaka sikuona vizuri. Nilimsikia mama mkwe akishuka, akaenda kusimama hatua chache nyuma ya gari. Kutoka chini niliona visigino vyake tu. Vilinitazama, maana yake yeye alitazama bondeni. Kapu la jogoo alilitua chini pembeni yake.

Muda ukapita. Hakuna gari lililopita. Nilifikiri juu ya ufunguo, na juu ya yule wa stendi akizungusha usukani ule kwa kidole kimoja huku akisimulia. Nilifikiri juu ya kahawa ya baba. Si kwamba kahawa ni kitu kibaya. Niliacha kugonga, nikalala tu pale chini na spana kifuani.

"Jogoo," ilisema sauti ya mwanamke.

Nilitazama visigino.

"Jogoo, nakuuliza wewe. Hivi ule ufito wa watu walishautoa mle tangini, au bado umo?"

Jogoo hakujibu.

"Maana mimi, jogoo, siku ile nilipita na kuni zangu nimegeuza uso, kwa heshima. Mtu aliyegeuza uso haoni mbele. Kuni zikagonga ufito uliosimama kwenye mdomo wa tangi, ukakatika, kwa! Kipande cha juu kikaanguka chini, nikakiokota, nimekihifadhi darini mpaka leo. Cha chini kikazama. Nikasema, mwenye gari ataona mwenyewe, atakitoa. Nikasema tena, binti yangu akija nitamwambia amwambie. Binti hakuja. Na neno la ukweni, jogoo, utalipeleka kwa simu? Sasa leo namwona mwenye gari anapiga matairi mateke. Matairi yamemkosea nini?"

Nililala pale nikitazama tumbo la tangi, karibu kabisa na pua yangu. Nilinyoosha mkono nikalisukuma gari kidogo kutoka chini. Ndani ya bati, taratibu, likajibu: ko.

Nilijua natakiwa kujibu. Hakukuwa na mke wangu pale, wala baba mkwe, wala mtoto wa kumtuma. Tulikuwa watatu mlimani. Nilijikunja kwenye vumbi, nikapiga makofi matatu, polepole, viganja vikiwa na upinde kama wanavyofanya kwao kumheshimu mkubwa, nikasema kwa sauti iliyonitoka kama ya mtu mwingine:

"Jogoo, shikamoo."

Nikasikia kitu kama mtu anayekohoa ndani ya kanga, akakohoa muda mrefu.

"Jogoo anasema marahaba," mama mkwe alisema alipopata nafuu.

"Jogoo, nashukuru sana. Sikujua. Nilidhani ufito wameuchukua watoto."

"Jogoo anasema watoto wa pale husingiziwa mengi."

Nilitoka chini ya gari upande wa mbali naye. Nilipata waya wa kufungia magunia, nikaukunja kitanzi, nikautia kwenye mdomo wa tangi. Mafuta yalikuwa nusu, na nilihisi kile kipande kikielea, kinagusa waya, kinakimbia. Kilitakiwa kije chenyewe kwenye mdomo, na kwa hilo gari lilitakiwa litikiswe, na mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika kazi.

"Jogoo," nilisema. Mara ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. "Ningeomba msaada. Gari litikiswe kidogo upande wa huko."

"Jogoo hana mikono. Lakini ana watu wake."

Sikutazama, ila niliona kivuli chake ardhini. Alikuja kinyumenyume, akaegemeza mgongo kwenye bodi, akaanza kusukuma kwa mgongo, akiwa ametazama bonde lote la Kamsamba na mimi nimetazama mlima. Gari likayumba. Ko, ko. Kipande kikaja, kikaingia kwenye kitanzi, nikavuta, kikachomoka.

"Kimetoka?"

"Kimekimbia, jogoo."

"Mwambieni huyo mvuvi asivute kwa pupa. Huyo ni samaki wa mwanzi."

Tulijaribu tena. Akasukuma, nikangoja. Mara ya nne, au ya tano, nilikiona kichwa chake cha manjano ndani ya mdomo, kinang'aa kwa mafuta. Sikuvuta. Nilikaza kitanzi taratibu, nikakinyoosha, nikakitoa kizima, urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka kidole. Ncha zake zilikuwa zimekuwa butu kwa kugonga bati miezi yote ile. Alama zangu mbili za kisu zilikuwepo bado, robo na nusu.

Nilikiweka juu ya magunia, nikaenda mbele ya gari nikasimama nimelipa kisogo. Hatua zake zilikuja, zikasimama.

"Ndicho," alisema. "Jogoo, twende zetu. Dada yangu atadhani tumeliwa."

Niliteremka ule mteremko nikikanyaga breki kwa makusudi kila kona. Kimya. Niliendesha nimetega sikio mpaka shingo ikauma. Nyuma yangu mama mkwe alikuwa akicheka, ananyamaza, anaanza tena. Alipoteremka Kamsamba na kapu lake, nilipiga makofi kuelekea kapu. Nilisikitika kidogo kwa ajili ya jogoo, kwa jinsi nilivyojua anakokwenda.

Nilirudi siku ya pili na magunia. Nilipita vijiji vya juu, mafuta nusu, kimya. Niliingia Tunduma mchana kweupe. Yule wa stendi aliniona akaruka katikati ya njia na mikono juu.

"Karibu! Karibu nda..."

Nikapita. Nilimwona kwenye kioo, ambacho sasa nilikuwa nimekirudisha mahali pake, amesimama na mikono juu bado, ametega sikio.

"Leo hakuna mgeni?" alipiga kelele.

Shangazi alikuwa mlangoni na mpira na dumu lake. Nilishuka, nikampa kipande cha mwanzi.

"Umeniletea kuni?"

Hapo ndipo nilipozungumza. Nilianza na ufito, nikaenda kwenye banda la mbuzi, nikarudi kwenye kuni, nikaruka mpaka kwa jogoo, nikarudi nyuma kueleza kwamba kipande kinaelea, tangi likijaa kinabanwa juu, likikauka kinalala chini, likiwa nusu kinatembea. Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja, tangu nizaliwe. Shangazi alinitazama mdomoni kama anayetazama redio mpya. Nilipomaliza, aliweka dumu chini.

"Kitumbukize tena."

"Shangazi?"

"Tumbukiza. Mafuta ni nusu, si ndivyo ulivyosema? Nataka nisikie kwa masikio yangu."

Nilikitumbukiza. Moyo uliniuma kama narudisha mtu hospitali. Shangazi alipanda mbele, tukazunguka mtaa. Kona ya kwanza: ko. Akapiga goti lake.

"Ndiyo yenyewe! Kanyaga breki!" Ko, ko. "Tena!" Tulizunguka mara tatu, shangazi akicheka kila inapobisha, akiitikia karibu, karibu mwanangu. Kisha tukaenda karakana kukitoa, kwa mara ya kwanza gari likiwa na mafuta nusu. Fundi alisikia sisi tukiwa bado mbali, akatoka nje na mikono kiunoni.

"Mama," alisema baada ya kuelezwa, "miezi yote hii ungeniachia mafuta kidogo tu ningelisikia siku ya kwanza."

"Ningekuachia mafuta, fundi, ungeyasikia yakishuka kooni."

"Nimefungua propela nzima!"

"Na bado hukuyapata."

Walicheka wote wawili, wakagombana kidogo, wakacheka tena. Fundi alikitoa kile kipande kwa dakika moja, kwa koleo refu, jambo lililoniuma kidogo. Shangazi alinipa ufunguo palepale mbele yake. Aliutia mkononi mwangu, akavikunja vidole vyangu juu yake kama mtu anayempa mtoto sarafu ya kanisani. Tangu hapo alikubali gari lilale na mafuta, ila kwa fundi, hapana. Hilo hajalibadilisha mpaka leo.

Mwezi uliofuata mke wangu alikwenda kwao kuwasalimia. Alirudi na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Ndani mlikuwa na kipande cha juu cha ufito wangu, chenye ile alama ya kujaa, kimefutwa vumbi. Pamoja nacho kulikuwa na ufito mpya, wa mti mgumu, umesuguliwa ukalainika, una alama zote tatu zilizochomwa kwa moto, na juu kabisa umetobolewa na kupitishwa kijiti cha kukingama, ili hata ukigongwa na kuni za kijiji kizima usiweze kuzama.

"Mama amemchongesha mjomba," mke wangu aliniambia. "Na kuna ujumbe. Ila amesema si wako."

"Wa nani?"

"Wa jogoo. Amesema umwambie kwamba dada yake alipopata habari alikataa kumchinja. Na kwamba mwezi ujao wanakupikia chakula cha kukufungulia, kwa hiyo jogoo aanze kujizoeza, maana siku hiyo utatakiwa useme mwenyewe."

Nilichukua ule ufito mpya, nikatoka nje kupima mafuta. Yalikuwa nusu. Nilisimama pale kando ya tangi, nikaanza kufanya mazoezi polepole, kwa sauti ya chini: shikamoo, mama.

Mke wangu alikuwa dirishani.

"Marahaba," aliitikia.